Kabureta Inayovuja Ifunguliwe Kwanza, Isitupwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie desturi iliyoota mizizi katika gereji zetu, ambayo inawagharimu wenye magari ya zamani fedha nyingi bila sababu. Mtu hupeleka Land Rover yake ya Series III kwa fundi kwa kuwa kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, inavuja, naye fundi, baada ya kuitazama juu juu, hutamka kwamba kabureta imekufa na inunuliwe nyingine. Ile iliyotoka na gari kiwandani huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mahali pake hufungwa nakala ya bei rahisi ambayo haichukui muda mrefu kabla nayo haijaanza kutoa petroli.

Fundi kijana simlaumu sana. Magari mengi mapya yaliachana na kabureta katika miaka ya 1990, kwa hiyo wengi wa mafundi wa leo wamejifunzia kwenye injini za kompyuta, ambako mashine huchomekwa na kusoma yenyewe hitilafu ilipo. Kabureta haina pa kuchomeka mashine.

Ndani yake mna bakuli dogo la petroli lenye boya, na boya hilo hufanya kazi kama lile la tangi la maji ya chooni: mafuta yakipanda, boya huinuka na kuisukuma sindano ibane kwenye kiti chake, yasiingie tena. Petroli inapofurika, maana yake ni kwamba sindano haibani, na sababu yake mara nyingi ni ndogo kuliko bei ya kabureta mpya. Gari lenye tangi la bati la miaka ya 1970 hupeleka kutu kwenye mfumo mzima, na chembe moja ya kutu chini ya sindano inatosha kulowesha injini. Wakati mwingine ncha ya sindano imelika na kuacha mfereji unaoonekana kwa macho. Hapo hubadilishwa sindano pamoja na kiti chake, si kabureta. Boya nalo huweza kutoboka na kujaa petroli likashindwa kuelea. Litikise karibu na sikio, kisha lizamishe kwenye maji ya moto uone kama litatoa mapovu. Boya la shaba njano huweza kuzibwa kwa risasi, lakini ni lazima petroli yote iliyomo itoke na kukauka kwanza, kwa maana kulipasha moto likiwa na mvuke wa petroli ni kutafuta mlipuko, na risasi ikizidi, boya huwa zito na kiwango cha mafuta hupanda upya.

Lipo pia kosa ambalo kabureta husingiziwa tu. Pampu ya asili ya Land Rover hizo huendeshwa na injini yenyewe na husukuma mafuta kwa nguvu ndogo. Ikiharibika, baadhi ya watu hufunga pampu ya umeme iliyotoka kwenye gari la kisasa, ambayo nguvu yake inazidi ile ya asili kwa zaidi ya mara kumi. Hakuna sindano itakayohimili msukumo huo, hata ukinunua kabureta tatu.

Kabureta ya Zenith 36 IV, ambayo ndiyo iliyofungwa kwenye Series III nyingi za petroli zenye injini ya lita 2.25, ina ugonjwa wake wa pekee. Uso wa mfuniko na ule wa kipande cha jeti (vitundu vidogo vinavyopima petroli) kilicho chini yake hupinda kwa miaka ya joto na kwa mafundi wanaokaza skrubu kupita kiasi, na ringi ndogo ya mpira iliyomo humo hukakamaa. Hapo petroli haidondoki nje. Inavuja kwa ndani na kunyonywa na injini, ndiyo maana moshi huwa mweusi, plagi hujaa masizi, na skrubu ya sailensa, yaani ya kurekebisha mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, huzungushwa pasipo mabadiliko yoyote. Dawa yake ni msasa laini uliotandazwa juu ya kipande cha kioo, nyuso hizo zikasuguliwa taratibu mpaka zinyooke, kisha ringi mpya na gasketi mpya. Silikoni isitumike kabisa, kwani petroli huilainisha, vipande vikabanduka na kwenda kuziba jeti.

Sisemi kwamba kila kabureta inaponyeka. Mwili ukipasuka, au kutu nyeupe ikila njia za ndani, mjadala umekwisha. Tundu la mhimili wa kipepeo, kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa, likitanuka, hewa huingia ovyo, ingawa hata hilo mkereza vyuma hodari huweza kulitia bushi. Wanaobadilisha wengi huchagua Weber 34 ICH, ambayo ni kabureta rahisi na isiyosumbua, ila ni ndogo kuliko Zenith, na gari hupungukiwa nguvu mlimani, jambo ambalo sisi wa Arusha hatuwezi kulidharau.

Katika hayo yote, gari lisiendeshwe likiwa linavuja. Kwenye injini hii ya lita 2.25, manifoldi ya ekzosi, yaani bomba linalokusanya moshi wa injini, imekaa chini ya kabureta, hivyo tone linaloanguka linaangukia chuma cha moto. Petroli inayoingia kwenye silinda nayo huosha oili ukutani na kushuka kuichanganya iliyo chini. Ukichomoa kijiti cha kupimia oili na kukuta kinanuka petroli, badilisha oili kabla ya kuwasha tena.

Ombi langu ni kwa wauza spea wa Kariakoo na wa mikoani: tuleteeni seti za kukarabati, zenye sindano, gasketi, ringi na daiframu, badala ya kutujazia rafu kwa kabureta nzima za kuiga. Na mnunuzi naye aende dukani na namba iliyochapwa kwenye mwili wa kabureta yake, si jina la gari peke yake, kwa kuwa Land Rover za petroli zilifungwa Solex kabla ya Zenith, na nyingi zimekwisha kubadilishiwa mara kadhaa mikononi mwa wenyewe.

Mmiliki wa Land Rover 109,
Arusha.