Asante dada uliyeniuliza mikono ya bibi ilinukia nini

Dada uliyekaa nyuma yangu kwenye ile semina ya uandishi, jina lako sikulishika, ila popote ulipo pokea shukrani zangu. Ulisoma kurasa zangu tatu kuhusu bibi, nilimwandika kama mabibi wote wanavyoandikwa, mpole, mvumilivu, busara tele, kakaa tu anasubiri wajukuu, na pembeni ukaandika kwa penseli swali moja: mikono yake ilinukia nini?

Niliganda. Maana bibi yangu mikono yake ilinukia moshi wa risasi ya kulehemu nyaya, alikuwa fundi redio jamani! Skrubu kazibana midomoni, bisibisi nyuma ya sikio, anapuliza ule moshi mwembamba halafu anaitegea spika sikio mpaka ile shhhh igeuke sauti ya mtu, hapo ndo anacheka. Yote hayo nilikuwa nimeyaacha nje, nadhani nilimpa msomaji bibi anayemtarajia.

Nimeandika upya yote. Msomaji wa kwanza kaniuliza, hivi zile skrubu hakuwahi kuzimeza? Hakuna hata mmoja aliyebisha kwamba mwanamke mzee hawezi ufundi, ile harufu ishawajibu.

Asante sana dada. Penseli yako uliisahau kwenye karatasi zangu, bado ninayo.