Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA): picha za radi zitufikie mwaloni

Shikamoo Mkurugenzi. Mimi ni mtoto wa mvuvi wa dagaa, Ukerewe, Ziwa Victoria. Kuna usiku mmoja wa giza la mwezi baba alitoka na wenzake, nyota zote zinaonekana, kufika saa nane tukaanza kuona radi upande wa ziwani na sisi wa nchi kavu hatukuwa na la kufanya, tulikaa macho tu mpaka asubuhi. Baba alirudi. Jirani yetu hakurudi.

Sasa nimesoma kuhusu setilaiti ya Ulaya, Meteosat-12, ilirushwa Desemba 2022, iko juu kilomita kama 36,000 usawa wa Ghuba ya Guinea na inaitazama Afrika nzima mchana na usiku. Kamera yake kubwa inapiga picha kila dakika 10 kwa chaneli 16, na gizani inasoma joto, yaani kilele cha wingu kikiwa cha baridi sana ujue limepanda juu mno, hilo ndo la kuogopa. Ila kilichonigusa zaidi ni kamera za radi, ziko 4, picha 1,000 kwa sekunde, kazi yake kusaka mmweko tu, hata mchana kweupe zinauona. Meteosat za zamani hazikuwa nazo kabisa.

Na wewe unajua kuliko mimi mambo ya ziwa letu, usiku upepo unatoka nchi kavu pande zote unakutana katikati, hewa yenye unyevu inapanda, radi inazaliwa pale pale kwenye taa za dagaa. Utabiri wa siku hauwezi kumwambia mtu aliye mtumbwini saa nane usiku kwamba wingu liko kusini yake. Picha ya dakika 10 zilizopita inaweza.

Ombi langu Mkurugenzi: mtabiri wa zamu akiona radi juu ya ziwa, meseji fupi ya Kiswahili iende muda huo huo kwa viongozi wa BMU, vile vikundi vya kusimamia uvuvi kwenye mialo mitumbwi inapotia nanga, na redio za huku zikatishe muziki ziseme iko wapi na inaelekea wapi. Simu ya kitochi inatosha. Mbali na visiwa mtandao haushiki, huko redio ndogo ya betri ndo itawafikia.

Tuanze hata na mialo michache ya Ukerewe vuli hii, kuandikisha namba za wavuvi nitazunguka mwenyewe.