Mgonjwa wa kemo akipata homa, asingoje kuche

Mhariri,

Kila Oktoba, mwezi wa kuhamasisha watu kuhusu saratani ya matiti, Nairobi hujaa riboni za rangi ya waridi. Redio zinawahimiza wanawake wajichunguze matiti, kliniki zinapima bure, wanasiasa wanapigwa picha. Sina neno na hayo. Ninalouliza ni hili: yule aliyeitikia wito, akapimwa, akapatikana na saratani na kuanzishiwa kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, ni nani anayemweleza la kufanya usiku wa kumi baada ya kutundikiwa dawa, wakati daktari yuko mbali na mwili unaanza kuchemka?

Nilifanya uuguzi katika wodi ya kemotherapi mpaka nilipostaafu, na hadi leo majirani na watu wa kanisani hunipigia simu. Karibu maswali yao yote yangejibiwa na karatasi moja ambayo hospitali ilipaswa kuwapa. La homa ndilo zito kupita yote, kwa hiyo naanza nalo.

Dawa nyingi za kemo hushambulia seli zinazogawanyika upesi. Seli za saratani ndivyo zilivyo, lakini pia zile za uboho zinazotengeneza damu, za mizizi ya nywele, na za utando wa mdomo na matumbo. Ndiyo sababu nywele hunyonyoka, mdomo hufanya vidonda na tumbo huvurugika. Hayo mgonjwa anayaona. Asichokiona ni chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, zikipukutika. Kwa dawa nyingi zinazotolewa kila baada ya wiki 3, chembe hizo hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha zinapanda tena. Katika siku hizo hata bakteria wanaoishi matumboni mwake miaka yote bila kumsumbua wanaweza kuingia kwenye damu na kumuua kwa muda wa saa tu. Huenda asikohoe wala kidonda kisitunge usaha, kwa kuwa usaha wenyewe hutokana na chembe hizo hizo. Pengine dalili pekee atakayoipata ni joto.

Basi likifika nyuzi 38, au akianza kutetemeka kwa baridi hata kama kipimajoto hakijasema kitu, aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku. Asimeze Panadol kwanza aone kama homa itashuka. Itashuka, na hapo ndipo penye hatari: mwili utapoa, bakteria wataendelea na kazi yao, na daktari atamkuta hana joto amrudishe nyumbani. Anachohitaji ni antibiotiki ya mshipani, na miongozo ya tiba inataka aipate ndani ya saa 1 tangu afike mlangoni. Kipimajoto kinauzwa katika kila duka la dawa mjini. Familia inayonunua maua ya kumpelekea mgonjwa ingefanya vizuri kuanza na hicho.

Hapa kwetu kuna kikwazo cha ziada, nacho ni malaria. Wengi wanaotibiwa Hospitali ya Kenyatta, au ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, si wakazi wa Nairobi. Wanatundikiwa dawa, wanapanda basi la usiku kurudi Busia au Homa Bay, na wiki moja baadaye homa inawakuta huko. Kule karibu na Ziwa Victoria homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Kipimo kinaweza hata kuonyesha kwamba malaria ipo, mtu akapewa vidonge na kurudi kulala, na yale maambukizi mengine yakabaki bila tiba. Simlaumu mhudumu wa zahanati, kwani hawezi kusoma usoni mwa mtu kwamba chembe zake nyeupe zimekwisha, hasa akiwa amefunga kitambaa kichwani. Mgonjwa ndiye aseme, tena liwe neno lake la kwanza kabla hajaanza kueleza kichwa kinavyomgonga: niko kwenye kemo, dawa yangu ni fulani, nilitundikiwa tarehe fulani.

Shida ni kwamba wengi hawaijui dawa yao. Ukiwauliza watakuambia ni “ile nyekundu”. Nyekundu hiyo ni doksorubisini, na kuna mambo kadhaa mtu anapaswa kuyajua kuihusu. Hugeuza mkojo kuwa mwekundu au wa rangi ya chungwa kwa siku 1 au 2. Hiyo ni rangi ya dawa, si damu. Lakini katika saratani ya matiti mara nyingi huandamana na saiklofosfamaidi, ambayo inaweza kuunguza kibofu mpaka kikatoa damu ya kweli. Kwa hiyo kunywa maji kwa wingi, usibane mkojo, na ukiuona mwekundu siku ya tatu au ukisikia maumivu, rudi hospitali.

La pili, doksorubisini ikivuja nje ya mshipa huchoma nyama. Mkono ukiwasha, ukiuma au ukivimba pale penye sindano, mwite muuguzi palepale. Wapo akina mama, hasa wa rika langu, wanaoona kulalamika mbele ya wahudumu ni utovu wa adabu. Wanajikunyata kimya wakisubiri chupa iishe. Kina mama, pigeni kelele!

La tatu ni moyo. Dawa hii ina kikomo cha maisha. Madaktari huijumlisha tangu dozi ya kwanza, na kwa kawaida hawataki jumla ivuke miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya mwili, kwa maana misuli ya moyo inaweza kudhoofika. Ndiyo maana unapelekwa kipimo cha moyo kiitwacho eko kabla ya kuanza. Sasa fikiria mtu aliyetibiwa hospitali moja mwaka juzi, saratani ikarudi, akahamia nyingine bila karatasi yoyote. Daktari mpya atajuaje amebakiwa na nafasi kiasi gani?

Nimesema dozi hupimwa kwa ukubwa wa mwili. Unapatikana kwa urefu na uzito, na ndiyo sababu unapimwa uzani kila uendapo. Baridi ya Julai tunaijua, lakini vua koti na viatu, na usijaribu kuficha kwamba umekonda. Kipimo cha damu nacho kifanywe siku moja au mbili kabla ya tarehe yako, hata kwenye maabara ya karibu na kwenu ikiwa daktari anakubali. Chembe zisipokuwa zimepanda, dozi huahirishwa. Inauma kusafiri kutoka Turkana kuja kuambiwa “rudi wiki ijayo”, lakini kutundika dawa juu ya damu iliyoshuka ni kumtia mtu hatarini.

Niseme na wauza mitishamba, maana wako kwenye kila kituo cha matatu, na wengine hadi kwenye simu zetu. Wanasema dawa ya hospitali ni kemikali na yao imetoka kwa Mungu. Vinkristini, inayotumika sana kwa watoto wenye saratani ya damu, ilitolewa kwenye ua dogo la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska, ambalo watu hulipanda bustanini kwa urembo tu. Paklitakseli ilitokana na ganda la mti wa pwani ya magharibi ya Marekani. Hiyo nyekundu yenyewe ilitokana na bakteria wa udongoni huko Italia. Kwa hiyo ubishi si baina ya mmea na kemikali. Ubishi ni wa kipimo. Dozi moja ya vinkristini kwa mtu mzima kwa kawaida haizidi miligramu 2, kiasi ambacho hata kwenye ncha ya kidole hukioni vizuri. Mwenye chupa ya maji ya kijani kibichi pale kituoni amepima nini? Mimea mingine hubadilisha namna ini linavyoichakata dawa, ikazidi au ikapungua mwilini. Kama umekunywa mwarobaini au kitu kingine chochote, mwambie daktari wako. Hatakupiga.

Nimeitaja paklitakseli. Hiyo huyeyushwa katika kimiminika kilichotengenezwa kwa mafuta ya mbarika, na ni kimiminika hicho hasa kinachowaletea wengine mzio dakika za mwanzo, kifua kikabana na uso ukaiva. Vidonge na sindano unazopewa kabla yake ni vya kuzuia hilo, usiviruke. Baadaye huweza kuleta ganzi vidoleni. Wengi hawasemi wakihofia dozi itapunguzwa. Lakini daktari akijua mapema ana la kufanya, na ganzi iliyoachwa mpaka mtu ashindwe kufunga vifungo vya shati inaweza isitoke tena.

Wanaopewa vidonge vya kumeza nyumbani, kama kapesitabini, nao wako kwenye kemo, hata kama hawajawahi kutundikiwa chupa. Mara nyingi humezwa siku 14 kisha mtu akapumzika 7, ndani ya nusu saa baada ya kula. Viganja na nyayo zikiiva na kuchubuka, au kuhara kukizidi, simamisha na upige simu hospitali. Wala usiongeze siku eti upone haraka.

Ya nyumbani ni mepesi. Kwa siku 2 baada ya dawa, mkojo na matapishi huwa na mabaki yake: anayesafisha avae glovu, mjamzito asishike, na kwenye ploti yenye choo cha pamoja mwaga maji ya kutosha. Kumkumbatia mgonjwa na kula naye meza moja hakuna ubaya wowote. Kumtengea kikombe chake kana kwamba saratani inaambukiza ni ukatili. Soseji za barabarani, yaani mutura na smokie zenye kachumbari, zisubiri. Dawa ya kichefuchefu imezwe kwa saa zake, kabla ya kutapika na si baada. Anayetaka watoto siku za usoni aulize kabla ya dozi ya kwanza, maana baadaye huenda akawa amechelewa.

Kuhusu pesa wameandika wengi tangu SHA, bima mpya ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, nami naongeza moja tu: kiwango cha pesa inazolipia saratani ni cha familia nzima kwa mwaka, si cha mtu mmoja. Uliza kimebaki kiasi gani kabla ya kila dozi.

Sasa ombi langu. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa na kwa kadiri ya elimu yake. Fomu ya idhini ya kurasa kadhaa za Kiingereza, inayotiwa sahihi kwa haraka huku foleni ikisukuma, haijatimiza hilo. Wizara ya Afya na Taasisi ya Kitaifa ya Saratani zichape kadi moja kwa Kiswahili, ya kukaa pochini, na kila kituo kinachotoa kemo kilazimike kumpa mgonjwa siku ya kwanza. Upande mmoja uwe na majina ya dawa, tarehe na dozi alizokwisha kupata. Upande wa pili uandikwe kwa herufi kubwa kwamba mwenye kadi yuko kwenye kemo, na akiwa na joto la nyuzi 38 ahudumiwe mara moja. Nambari ya simu iliyo hapo iwe ya mtu anayepokea usiku, si ya ofisi inayofungwa saa kumi na moja.

Muuguzi mstaafu,
Kayole, Nairobi