Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Rangi za Mbwa wa Dachshund, Vipimo na Daftari la Uzazi

Ndugu wanachama,

Maonyesho na mikutano ya mwaka huu ilikwenda kama kawaida, sitaieleza tena. Kazi kubwa ya kamati ilikuwa kwenye daftari la uzazi, hasa safu ya mabaka, yaani viraka vya rangi iliyopauka kwenye manyoya.

Kamati imeamua kwamba uzao hautaandikishwa bila matokeo ya kipimo cha jeni ya mabaka, M, kwa dume na jike, hata kama wote wawili hawana baka. Wapo waliouliza: mbwa mwekundu mtupu apimwe ya nini? Jeni hiyo ilitambuliwa mwaka 2006 kuwa ni kipande cha ziada cha DNA kilichojipachika ndani ya jeni PMEL. Hupausha rangi nyeusi na chokoleti tu. Nyekundu na krimu haiziathiri. Mbwa mwenye nakala mbili za e, jeni inayozuia rangi nyeusi kwenye manyoya, hana unywele mweusi wa kupauka, kwa hiyo anaweza kubeba M maisha yake yote bila dalili. Wekundu wenye ncha nyeusi za manyoya huweza kuzaliwa na mabaka yanayofifia wakikua. Pigeni picha ubavu wa kushoto, wa kulia na tumbo katika wiki mbili za kwanza.

Mwenye M moja akipandishwa na mwenzake mwenye M moja, kila mtoto ana uwezekano wa 25% wa kupata nakala mbili. Hesabu hiyo ni ya kila mtoto peke yake: uzao wa wanne unaweza kukosa hata mmoja, au kuwa nao watatu. Nakala mbili huvuruga seli za rangi, na sikio la ndani huzihitaji ili lisikie. Matokeo yake yanaweza kuwa uziwi, macho madogo kupita kiasi, hata upofu. Hakuna rangi inayostahili gharama hiyo.

Weupe mwingi peke yake si ushahidi wa nakala mbili za M. Madoa meupe ya kawaida hutokana na jeni nyingine, MITF, na mtoto huhitaji nakala mbili zake. Kutofautisha kwa macho ni kubahatisha. Kiwango namba 148 cha FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, hakikubali mbwa wa madoa meupe, ilhali American Kennel Club, chama cha mbwa cha Marekani, huwakubali. Anayeuza nje aangalie hilo mapema.

Sampuli zinazoharibika kwa kawaida ni za watoto wanaonyonya, kwa sababu maziwa hubeba seli za mama. Mtenge mtoto na mama na chakula kwa saa moja, sugua ndani ya shavu kwa sekunde 30, kila shavu na kijiti chake, kisha acha vijiti vikauke hewani kabla ya kuvifunga kwenye bahasha ya karatasi. Plastiki hufuga unyevu, na unyevu huleta ukungu. Chagua maabara inayotaja urefu wa kipande cha M, si “ndiyo” au “hapana” pekee, maana vipande vifupi huenda visionekane kabisa kwenye manyoya. Mbwa wachache wana vipande vya urefu tofauti mwilini, na kipande cha shavuni si lazima kiwe ndicho anachorithisha.

Milia, yaani mistari myeusi kwenye manyoya, bado inaandikwa vibaya. Kwa mbwa mweusi mwenye alama za kahawia, milia huonekana kwenye alama hizo tu: nyusi, mashavu, miguu na chini ya mkia. Angalieni hapo mchana kabla ya kuandika “hana”.

Buluu (nyeusi iliyopauka) na isabela (chokoleti iliyopauka) huhitaji nakala mbili za d, jeni ya kupausha rangi. Bei yake hupandishwa kwa kuitwa adimu, lakini baadhi yao hunyonyoka manyoya wakiwa bado vijana, kwani rangi hujikusanya mabonge ndani ya unywele na kuukata. Kunyonyoka huko hakuna tiba. Daftari litaendelea kuwaandikisha, kwa sharti kwamba mnunuzi apewe maelezo hayo kwa maandishi, na nakala yake iambatanishwe na fomu.