Meli 32 zikawa 3

Mhariri,

Kila Juni bajeti inaposomwa, wengi hudhani kupunguza fedha za ulinzi ni kununua vifaa vichache tu. Hesabu haiendi hivyo. Mishahara na pensheni hazigusiki kirahisi, kwa hivyo panga huangukia utafiti na ununuzi mpya.

Tazama manowari za Zumwalt za Marekani. Zilipangwa 32, zikaundwa 3. Gharama ya usanifu ilikwisha kulipwa, ikabebwa na meli hizo 3. Hata kombora la mizinga yake lilipanda hadi takriban dola 800,000 kila moja, kwa kuwa yalihitajika machache mno. Likaachwa 2016, mizinga ikabaki bila cha kufyatua!

Uingereza nayo ilifuta ndege za doria za Nimrod MRA4 mwaka 2010, pesa nyingi zikiwa zimeshatumika. Ilingoja ndege mbadala, P-8 za Marekani, hadi 2020, huku baadhi ya wahudumu wakipelekwa nchi rafiki wasisahau kazi.

Wabunge wetu wanaopitia makadirio waulize bei ya kifaa kimoja baada ya idadi kupunguzwa. Jumla “iliyookolewa” haitoshi.

Msomaji, Nairobi