Barua kwa Baba Neema: wanaume wanaandikishwa, mbona hawakai?

Ndugu yangu Baba Neema,

Tumsifu Yesu Kristo!

Nimefurahi kusikia kwamba uchaguzi umekwisha salama na wanaume wa parokia wamekukabidhi uenyekiti wa UWAKA, umoja wetu wa wanaume Wakatoliki. Hongera sana. Umeniambia daftari limejaa majina, lakini siku ya kikao mnajikuta wale wale, na wengi wenu ni viongozi mnaoangaliana wenyewe kwa wenyewe. Ukaniuliza huku Connecticut, Marekani, tunafanyaje kwenye Knights of Columbus, chama chetu cha wanaume Wakatoliki, maana umesikia chama kina wanachama zaidi ya milioni 2. Sikutaka kukujibu kwa ujumbe wa simu wa mistari miwili. Ni jambo ninaloliwaza sana, kwa hiyo vumilia urefu wa barua.

Kwanza usidhani huku wanaume wanagombania kuingia. Ukiingia kwenye kikao cha matawi mengi utakuta vichwa vyenye mvi ndivyo vingi, na vijana wa kuhesabu. Mwaka wa chama unaanza Julai, na kila tawi lina lengo la wanachama wapya. Yapo matawi yanayokimbizana na lengo hilo kwa kuweka meza mlangoni mwa kanisa: mtu akitoka Misa anapewa fomu, anasaini kwa heshima tu, anapigwa picha, anapigiwa makofi. Baada ya hapo hakuna anayemtafuta. Mwaka unaofuata jina lake liko kwenye orodha ya wasiolipa ada. Mimi nasema wazi hata kwenye vikao vyetu: tawi la namna hiyo limekusanya saini, halijapata ndugu hata mmoja.

Ili unielewe, lazima nikurudishe mwanzo wa chama chenyewe. Mwanzilishi wake, Padre Michael McGivney, alizaliwa Waterbury, hapa hapa Connecticut, mwaka 1852, mtoto wa kwanza wa wahamiaji kutoka Ireland. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha shaba. Mwaka 1873, Michael akiwa seminarini, mzee akafariki, na kijana akalazimika kurudi nyumbani kwa mama mjane na wadogo zake. Kwa hiyo alipopewa upadre mwaka 1877 na kupelekwa parokia ya Mtakatifu Maria mjini New Haven, alijua kwa undani nyumba inakuwaje siku baba anapozikwa. Waumini wake wengi walikuwa wahamiaji wa kazi ngumu, wanaokufa mapema. Baba akishafariki, familia iliyoshindwa kuonyesha kwamba ina uwezo wa kujitunza iliweza kupoteza watoto wakapelekwa kwenye taasisi. Kuna kijana aliitwa Alfred Downes, ambaye baba yake alikuwa amefariki. Padre McGivney mwenyewe alikwenda mahakamani akakubali kuwa mlezi wake.

Sasa angalia alichokifanya. Oktoba 1881 aliwaita wanaume wachache kwenye chumba cha chini ya kanisa, wakaanza kupanga. Tarehe 29 Machi 1882 chama kikapata hati yake kutoka bunge la Connecticut. Utaratibu ulikuwa wa kueleweka hata kwa asiyesoma: mwanachama akifariki, waliobaki wanachangishwa, na mjane anashikishwa fedha mkononi. Rambirambi, Baba Neema, ila imeandikwa na ina katibu. Alipowaandikia maparoko wa jimbo zima kukitambulisha chama, aliwaambia lengo kubwa ni kuwazuia Wakatoliki wasiingie vyama vya siri, kwa kuwapa faida zile zile au zaidi. Hakuridhika na kuwakemea mimbarini. Alijiuliza wanakwenda kutafuta nini kule, akagundua wanatafuta mtu wa kuwatunzia mke na watoto, akawapa hicho ndani ya Kanisa.

Hapo ndipo nataka ukae kidogo. Umeniandikia kwamba wanaume wenu wamepotelea baa na kwenye mpira. Sawa, wapo. Lakini hebu chunguza wale wengine, watu wazima, wenye akili zao: nina hakika utawakuta kwenye kikoba na kwenye chama cha kuzikana cha mtaani. Huko hawakosi kikao na ada wanalipa kwa wakati, kwa sababu siku ya msiba turubai linafika kabla hawajaomba na viti vinapangwa. UWAKA inapotajwa kanisani wanasikia nini? Mchango wa ukarabati wa nyumba ya mapadre, mchango wa zawadi ya askofu, mchango wa sare. Si kwamba michango hiyo ni mibaya. Ila kama mwanaume anasikia jina la umoja wake pale tu anapodaiwa, atajificha nyuma ya nguzo kila tangazo linaposomwa.

Kuhusu kuwaita, nitakueleza tunachokifanya kwenye tawi letu, na kimetusaidia kuliko meza za mlangoni. Wakati wa Kwaresima, kila Ijumaa jioni, tunakaanga samaki kwenye ukumbi wa parokia. Familia zinakuja kula, na mapato yanakwenda kwenye matendo ya huruma. Mwaka jana tulikubaliana kwamba kila mwanachama amwendee mwanaume mmoja anayemfahamu, amtaje kwa jina, na asimwambie habari ya kujiunga. Amwombe kazi: "Ijumaa nahitaji mtu wa kukata kabichi, njoo saa 9." Basi. Alikuja Mkongo mmoja wa Bukavu, fundi magari, mtu mkimya, anayekaa benchi la mwisho na kutoka kabla ya wimbo wa kumaliza. Alipewa aproni, kisu na lundo la kabichi. Kwa saa nzima alikata bila kusema kitu, lakini alikata nyembamba sawasawa kama za mashine, mpaka mzee mmoja wa Kiirishi aliyekuwa anasimamia mafuta ya moto akamwita aje ashike kikaango. Wiki iliyofuata alikuja na mtoto wake wa kiume. Ijumaa ya tatu mtoto ndiye aliyekuwa anapeleka sahani mezani. Tulipomkaribisha rasmi baada ya Pasaka hakuhitaji kueleweshwa chama ni nini, maana alishakuwa ndani.

Huyu alikuwa anasali pale pale parokiani kwa muda mrefu, na hakuna aliyewahi kumwita. Wenyeji walidhani sisi Waafrika tuna mambo yetu na kwaya zetu. Nasi tulidhani chama ni cha wazungu wazee. Na waliokianzisha walikuwa wahamiaji kama sisi, wakidharauliwa kwa lafudhi na dini yao! Jambo hili linaniuma, kwa hiyo nakuomba uliangalie hata kwako: ni nani parokiani kwenu ambaye kila mtu anadhani hahitajiki? Wageni waliohamia kwa kazi, bodaboda, vibarua wa shambani, baba anayelea watoto peke yake. Usiwatangazie. Mwendee mmoja, mpe kazi anayoiweza mikono yake.

Upande wa kuwashikilia, hapa ndipo pagumu na ndipo ningependa uweke nguvu. Huku tawi haliruhusiwi kumfuta mtu ghafla kwa sababu hajalipa ada. Anakumbushwa, anatafutwa, kisha inatumwa notisi ya kusudio la kumsimamisha, na bado anapewa muda. Karatasi hizo watu wengi wanaziona ni usumbufu wa ofisi. Mimi naziona ni nafasi ya kumfikia mtu kabla hajapotea. Kwetu tumekubaliana kwamba jina likishafika hatua ya notisi, watu wawili waende nyumbani kwake, na wasifungue mdomo kuhusu fedha. Mmoja wa kwenye orodha hiyo tulimkuta sebuleni, mguu umefungwa bandeji gumu, ameanguka ngazi akiwa kazini. Mkewe anafanya kazi usiku na kulala mchana kwa vipande vipande. Theluji imeziba njia ya kuingilia mlangoni, hakuna wa kuikwangua. Alikuwa anaona haya kuja kikaoni na deni. Tukaitoa theluji, tukasali naye Rozari, siku iliyofuata kikapelekwa chakula, na tawi likalimaliza deni la ada bila kutangaza. Mtu huyo leo ndiye anayesimamia ugawaji wa makoti ya watoto kila baridi inapoanza.

Fikiria kama tungemtumia barua tu. Tungekuwa tumemfuta mtu katika shida ile ile ambayo chama kilianzishwa kwa ajili yake.

Nina jambo jingine, la wake zetu. Kwa miaka mingi sherehe za kuwaingiza wanachama zilifanyika faraghani, hatua kwa hatua, na mke alibaki nyumbani hajui mumewe kaapa nini. Mwaka 2020 hatua tatu za kwanza ziliunganishwa ziwe sherehe moja inayofanyika hadharani, hata kanisani, familia ikishuhudia. Wazee wengine walinung'unika, kama walivyonung'unika mwaka 2017 kofia zenye manyoya za wanachama wa hatua ya nne, ile ya juu, zilipobadilishwa na bereti. Nawaheshimu, walizivaa kofia zile kwa imani. Lakini niliyoyaona mwenyewe ni kwamba mwanamke aliyemwona mumewe akiahidi upendo, umoja na udugu mbele ya altare, ndiye anayemkumbusha siku ya kikao. Kwenu mna WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, akina mama wanaojua kila nyumba ina shida gani. Kaa na mwenyekiti wao. Nina uhakika atakutajia wanaume wagonjwa, waliofukuzwa kazi na waliofiwa ambao daftari lenu linawaita watoro.

Kwa hiyo kabla hujaitisha kampeni yoyote ya kuandikisha wapya, lichukue daftari lile. Keti na katibu na mweka hazina jioni moja, mpitie jina kwa jina, na kila jina mjiulize: mara ya mwisho nani alifika kwake? Wagaweni wale wasioonekana kwa jumuiya, wawili wawili, waende bila risiti mkononi. Najua mtaanza na wachache, maana nauli na muda ni tatizo. Si neno. Halafu mkubaliane juu ya jambo moja tu mtakalolifanya bila kukosa mwanachama anapofiwa au kulazwa: nani anafika siku ya kwanza, nani analeta maji na kuni, kiasi gani kinatoka kwenye mfuko bila kusubiri kikao. Liwe dogo, lakini lisishindikane hata mara moja. Likishindikana mara moja, hasa kwa mtu maskini, wenzake watajua kuliko unavyodhani.

Vijana sitawazungumzia kwa urefu. Huku kuna matawi ya vyuoni tangu mwaka 1910, la kwanza likiwa Notre Dame, na shida yake ni kwamba kijana akihitimu anahama mji na anapotea kama hakuna wa kumpokea anakokwenda. Nadhani kwenu ni hivyo hivyo kwa wale wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, wanapooa. Mpeleke mmoja wenu kwenye harusi, ampokee.

Padre McGivney alifariki Agosti 1890 kwa nimonia, akiwa na miaka 38 tu. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri tarehe 31 Oktoba 2020, kule Hartford, na masalia yake yapo katika kanisa lile lile la New Haven. Ninapopata nafasi huwa naenda kusali pale. Safari ijayo nitaitaja UWAKA yenu na wewe kwa jina.

Umesema unataka kumwomba paroko Misa ya wanaume siku ya Mtakatifu Yosefu, tarehe 19 Machi. Akikubali, nijulishe mapema, kwa sababu wenzangu wawili wa hapa wana ndugu huko na wangependa kuchangia mfuko wenu wa misiba. Nitumie pia akaunti ya umoja, isiwe namba ya simu ya mtu binafsi. Msalimie Mama Neema na watoto, na mwambie Mzee wa jumuiya kwamba miwani yake nimeshaipata, inakuja na mgeni wa mwezi ujao.

Ndugu yako katika Kristo,
Baba Pendo