Kwa vijana mnaowapokea waliosilimu Mbeya

Wanangu na wajukuu zangu wa misikiti ya Mwanjelwa, Uyole na Tukuyu,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nawaandikia kwa ajili ya jambo nililolishuhudia mwezi wa saba baada ya swala ya Ijumaa. Kijana mmoja wa Rungwe alisimamishwa mbele ya safu, simu zikiwa zimemzunguka, akatamkishwa kipande kwa kipande: "Ash-hadu an laa ilaaha illallah, wa ash-hadu anna Muhammadan rasulullah." Takbiri zikapigwa, watu wakatawanyika. Alasiri ile nilimkuta bombani akijaribu kutawadha, kakunja suruali, maji ya baridi yakimchuruzika viwikoni, akimchungulia jirani yake ajue kinachofuata ni kichwa au miguu.

Furaha yenu siilaumu hata kidogo. Lakini shahada, yaani maneno hayo ya kushuhudia kwamba hapana mungu ila Allah na kwamba Muhammad ni Mtume wake, ndiyo nguzo ya kwanza katika zile tano za Uislamu, na nne zilizobaki hazina pa kusimama bila hiyo. Katika Surat Muhammad, aya ya 19, Mwenyezi Mungu anaamrisha kwanza kujua ya kwamba hapana mungu isipokuwa Yeye, na wanavyuoni walipohesabu masharti ya neno hili waliweka humo elimu, yakini (kutokuwa na shaka) na ikhlasi (usafi wa nia). Ulimi mtupu haumfikishi mtu mbali: Surat Al-Munafiqun inaanza na watu waliomwambia Mtume (s.a.w.) kwamba wanaushuhudia utume wake, na Mwenyezi Mungu akashuhudia kuwa ni waongo.

Hata hivyo, msije mkajifanya wapimaji wa nyoyo. Usama bin Zayd, sahaba wa Mtume, alimuua vitani mtu aliyekwisha kuitamka kalima, yaani neno la shahada, akadai kwamba yule aliitamka kwa kuogopa silaha tu. Mtume akamuuliza kama aliupasua moyo wake akajua. Atakayeitamka mbele yenu mpokeeni kama Mwislamu kamili, kisha mfundisheni bila kumhoji nia.

Jambo linaloniumiza zaidi ni wazazi. Wamoraviani, Wakristo wa kanisa la Moravian, wapo Rungwe tangu 1891, na wengi wa hawa vijana wametoka nyumba ambazo mama anaimba kwaya. Nimesikia wakiambiwa wasirudi tena nyumbani, jambo ambalo Surat Luqman, aya ya 15, inalikataa waziwazi: wazazi hawatiiwi katika shirki, yaani kumshirikisha Mwenyezi Mungu, lakini mtoto anaamrishwa kukaa nao kwa wema duniani. Jina la ukoo nalo aachiwe, kwani Surat Al-Ahzab, aya ya 5, imetuagiza kuwaita watu kwa baba zao. (Haya mashindano ya kumchagulia mtu jina la Kiarabu siku hiyohiyo sijui tuliyatoa wapi.)

Basi kabla ya shahada mtu akae na mwalimu, aelezwe maana kwa Kiswahili, na kwa Kinyakyusa au Kisafwa ikibidi, na aulizwe kama anaridhia kupigwa picha. Baada yake, ateuliwe mmoja wenu wa kumfundisha udhu, Al-Fatiha na tahiyatu, yale maneno ya kikao cha swala, ambamo ataikariri shahada hiyohiyo katika kila swala, na huyo mmoja aende naye Rungwe kumsalimia mama yake.

Wassalaam,
Mzee wenu, Mbeya